Padri Reginald Foster na Kilatini cha Kila Siku

Tarehe 30 Aprili 1988, Roma iliidhinisha namna ya kuadhimisha Misa ambayo waamini wa Bukavu, Goma, Lubumbashi na majimbo mengine ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaire wanaijua vizuri: wahenga wanaombwa pamoja na watakatifu, padri na wahudumu wanaizunguka altare kwa kucheza, na tendo la toba linakuja baada ya mahubiri badala ya kutangulia mwanzoni. Hati iliyoidhinisha utaratibu huo wa Kiafrika inaitwa Zairensium dioecesium, yaani "ya majimbo ya Wazaire". Kabla yake, tarehe 10 Novemba 1959, hati ya Papa Yohane XXIII iliyounda rasmi majimbo ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, na kuifanya Bukavu kuwa makao ya askofu mkuu, nayo iliitwa kwa maneno yake ya kwanza ya Kilatini, Cum parvulum. Hata leo, askofu mpya anapowekwa wakfu, kabla ya kupakwa mafuta husomwa agizo la Papa, na hati ya uteuzi huo kwa desturi huandikwa kwa Kilatini, ingawa wengi waliojaa katika kanisa kuu wanasubiri tafsiri ili wapige vigelegele.

Kuna mtu huketi mezani na kuiandika lugha hiyo, na kwa muda wa miaka 40 hivi, tangu 1969 hadi 2009, mmoja wa watu hao alikuwa Padri Reginald Foster, mtawa wa shirika la Wakarmeli Peku kutoka Marekani. Maisha yake yanastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu anayeyafuatilia anafika moja kwa moja kwenye fumbo ambalo wanafunzi wetu wa Latin-Philo, yaani mchepuo wa sekondari wa Kilatini na falsafa, na mafratri wa seminari kuu ya Murhesa wanaishi ndani yake bila kulitaja: Kanisa linakiamuru Kilatini kwa sheria, lakini kwa sehemu kubwa limeacha kukifundisha kwa namna inayomfanya mtu akijue.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1939 mjini Milwaukee, katika ukoo wa mafundi bomba, akabatizwa kwa jina la Thomas. Reginald ni jina alilopewa shirikani. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba tangu ujana alitaka mambo matatu tu: kuwa padri, kuwa Mkarmeli, na kufanya kazi ya Kilatini. Ni nadra mtu kupata yote matatu, tena akiwa bado na nguvu. Mwaka 1962 alipelekwa Roma kuendelea na masomo, na mwaka 1969, chini ya Papa Paulo VI, akaingia katika ofisi ya barua za Kilatini ya Sekretarieti ya Vatikano. Hapo aliwatumikia Mapapa wanne: Paulo VI, Yohane Paulo I aliyekaa siku 33 tu, Yohane Paulo II na Benedikto XVI.

Mwaka wa kufika kwake Roma una uzito wa pekee. Tarehe 22 Februari 1962, Yohane XXIII alitia sahihi waraka wa Veterum sapientia, ulioagiza kwamba masomo makuu ya seminari, yakiwemo teolojia na falsafa, yafundishwe kwa Kilatini, na kwamba mwalimu asiyekiweza apishe anayekiweza. Tarehe 11 Oktoba mwaka huohuo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukafunguliwa, na hotuba zake zikatolewa kwa Kilatini. Ukweli ukajionyesha mbele ya ulimwengu mzima: maaskofu wengi walipata shida kufuata yaliyokuwa yakisemwa. Patriaki Maximos IV wa Wakatoliki Wamelkiti alisimama akazungumza Kifaransa kwa makusudi, akidai kwamba Kanisa la Mashariki halijawahi kufungwa na lugha ya Roma. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ukapitisha hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ambayo kifungu chake cha 36 kinasema kwamba Kilatini kihifadhiwe katika taratibu za ibada za Kanisa la Kilatini, kisha papo hapo kinafungua mlango kwa lugha za wenyeji. Mlango ukishafunguliwa hivyo, watu hupita. Katika miaka michache Misa ikawa inaadhimishwa kwa Kiswahili, Kimashi, Kiluba na lugha nyingine mia kadhaa, na Veterum sapientia ikabaki sheria isiyotekelezwa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Kilatini cha Misa ni jambo moja, Kilatini cha sheria na hati ni jambo la pili, na Kilatini cha fasihi na maisha ya watu, kuanzia vichekesho vya Plautus karne mbili kabla ya Kristo hadi barua za Erasmus katika karne ya 16, ni jambo la tatu, kubwa kuliko yote mawili. Mtu anaweza kulipenda moja na kulikataa lingine. Foster alikuwa mfano mzuri: alikipenda Kilatini kuliko pengine mtu yeyote Vatikano, na bado hakutaka kurudishwa kwa Misa ya zamani, ile ya Kilatini ya kabla ya Mtaguso. Papa Benedikto XVI alipotoa Summorum Pontificum tarehe 7 Julai 2007 na kuifungulia Misa hiyo njia pana, Foster aliipinga waziwazi, akiona kwamba inaifanya Vatikano ionekane kama bado iko katika zama za kati. Wale waliodhani kwamba kila mpenda Kilatini ni mtu wa kutamani ya kale walishindwa kumpangia mahali.

Katika jambo la pili, lile la sheria, Kilatini hakijaondoka. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotangazwa tarehe 25 Januari 1983 una maandishi halisi ya Kilatini, na tafsiri yoyote, iwe ya Kifaransa au ya Kiswahili, inapopingana nayo, yanashinda ya Kilatini. Katekisimu ilitoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 1992, lakini toleo la kupimia matoleo mengine yote ni la Kilatini, la mwaka 1997. Sababu yake si utakatifu wa lugha, kwa maana Yesu hakuhubiri kwa Kilatini, na Wakristo wa kwanza wa Roma wenyewe walisali kwa Kigiriki. Sababu ni kwamba lugha isiyo ya taifa lolote leo haimpendelei Mfaransa wala Mwitaliano, na maneno yake hayabadiliki maana kila baada ya kizazi, jambo ambalo mwanasheria yeyote analithamini. Aliyewahi kuona mkataba wa shamba ulioandikwa Kifaransa ukisomwa kwa namna mbili mbele ya hakimu anaelewa thamani hiyo bila kufundishwa.

Kazi ya ofisini, basi, ilikuwaje? Andiko lilifika kwa Kiitaliano, Kipolandi, Kijerumani au Kiingereza, na watu wachache wa ofisi ile walitakiwa kulifanya Kilatini ambacho Cicero, msemaji na mwandishi mkuu wa Roma ya kale, asingekionea aibu: nyaraka za Mapapa kwa ulimwengu wote, hati za kuteua maaskofu na za kuunda majimbo, barua za pongezi kwa makardinali wanaotimiza jubilei, hati za kuwatangaza watakatifu. Ugumu wake haukuwa hasa katika majina ya vitu vipya, ingawa hilo ndilo watu wa nje hupenda kuuliza. Kwa vitu vipya kuna kamusi ya Vatikano ya Kilatini cha siku hizi, iliyotoka katika juzuu mbili mwaka 1992 na 1997, ambamo chombo kinachopaa angani bila kujulikana ni cha nani kinaitwa res inexplicata volans, "kitu kisichoelezeka kirukacho". Hata mashine ya kutolea fedha ndani ya Vatikano ilimwelekeza mteja kwa Kilatini aingize kadi yake. Hayo ni ya kuchekesha na kupita. Ugumu halisi uko katika sentensi. Kiitaliano cha ofisini kinapenda majina ya kufikirika yaliyobebana mgongoni, mfano "utekelezaji wa mchakato wa uimarishaji wa ushirikiano", wakati Kilatini kinataka kitenzi: nani alifanya nini, lini, kwa ajili gani. Kumgeuza Papa kutoka lugha ya kwanza kwenda ya pili ni kumlazimisha aseme anachomaanisha, na naamini hiyo ndiyo faida ya Kilatini ambayo hata asiye Mkatoliki angeikubali.

Foster mwenyewe hakuwa padri wa kanzu. Alivaa mavazi ya buluu ya fundi, ya duka la kawaida, akipita katika korido ambamo kila mtu alimtazama, na alisema aliyoyaona bila kuyapaka asali. Mwaka 2008 alionekana katika filamu ya Kimarekani ya kuikejeli dini, akizungumza na mchekeshaji mbele ya Vatikano kwa wepesi ambao wakubwa wake hawakuufurahia. Nisingependa msomaji akae sana hapo, ingawa habari nyingi juu yake hukaa hapo. Jambo zito ni ualimu.

Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana tangu miaka ya 1970, na kuanzia 1985 akaanzisha pia shule ya majira ya joto, majuma manane, siku sita kwa juma, bila ada, bila mtihani na bila cheti. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi: watawa, maprofesa, vijana waliokuwa wameacha vyuo, wasioamini kabisa. Baada ya vipindi vya darasani, waliotaka walikaa naye bustanini, sub arboribus, "chini ya miti", na kuzungumza Kilatini huku chupa ya divai ikizunguka. Siku nyingine aliwapeleka mahali penyewe: mahali alipouawa Julius Caesar, wakasoma hapo masimulizi ya kifo chake, Formia, panapoonyeshwa kaburi linalosemwa kuwa la Cicero, wakasoma barua zake. Mwaka 2006 Gregoriana ilimwachisha kazi kwa sababu darasani mwake mlikuwa mmejaa watu wasiolipa ada, naye alikataa kuwafukuza. Akaendelea kufundisha kwingine mjini Roma.

Namna yake ya kufundisha ndiyo kiini cha urithi wake. Katika shule zetu za sekondari, Latin-Philo huanza na majedwali. Mwanafunzi anaimba rosa, rosa, rosam, rosae, rosae, rosa, anaongeza dominus, anaongeza vitenzi, na katika mwaka wa mwisho anatafsiri kipande kifupi cha Caesar kwa msaada wa kamusi, ili apate alama za Exetat, mtihani wa taifa. Miaka mitatu baadaye amebakiwa na wimbo wa rosa na methali mbili za kupambia hotuba za arusi. Mwanafunzi si mvivu; ni kwamba hajawahi kuona lugha ile ikifanya kazi. Foster aliyaweka majedwali kando. Siku ya kwanza kabisa aligawa karatasi kubwa zilizojaa sentensi za kweli, za Cicero, za Mtakatifu Augustino, za Papa Leo Mkuu, za mwandishi wa zama za kati ambaye hakuna aliyemsikia, na akauliza: hapa nani anatenda, na umejuaje? Mazoezi ya nyumbani aliyaita ludi domestici, "michezo ya nyumbani", na aliyatunga upya kutoka maandishi halisi. Hakutaka majina kama "dativo" na "ablativo". Alisema "umbo la kwa nani" na "umbo la kwa, na, kutoka, katika", na nyakati za kitenzi akazipa namba. Kwa wale waliolalamika kwamba Kilatini kinahitaji akili nyingi, jibu lake lilikuwa kwamba katika Roma ya kale ombaomba na makahaba wote walikisema.

Nathubutu kusema kwamba mbinu hiyo inamfaa kijana wa Bukavu kuliko inavyomfaa kijana wa Paris, na sijaona jambo hili likisemwa vya kutosha. Sisi tunajifunza Kilatini kupitia Kifaransa, na kwa njia hiyo tunazunguka mlima ambao tayari tunaishi upande wake wa pili. Chukua laudabimur. Mwalimu anaieleza kwa maneno matatu ya Kifaransa, nous serons loués, na mwanafunzi anashangaa maneno matatu yamejificha wapi katika moja. Lakini kwa Kiswahili ni "tutasifiwa", neno moja kwa neno moja: mtendwa yumo, wakati ujao umo, kutendwa kumo. Tofauti ni kwamba sisi tunaweka alama ya nafsi mbele, Warumi waliiweka nyuma. Ni hivyohivyo kwa upatanisho. Mtu anayesema "kiti changu kizuri kimevunjika" tangu akiwa na miaka minne, au anayefanya hivyo kwa Kimashi, hahitaji kushawishiwa kwamba maneno ya sentensi moja yanapaswa kuvaa sare.

Sare hiyo inapochanika, hata Papa hasalimiki. Tarehe 11 Februari 2013, mbele ya makardinali waliodhani wamekuja kwa ajili ya kutangazwa kwa watakatifu tu, Benedikto XVI alisoma kwa Kilatini tangazo la kujiuzulu. Mwandishi wa shirika la habari la ANSA, Giovanna Chirri, aliyekuwa akifuatilia kwenye televisheni, alielewa alichosikia, na kwa Kilatini chake akatangulia kuutangazia ulimwengu, huku wenzake wakisubiri kuelezwa. Hiyo ni sehemu ya hadithi inayopendwa. Sehemu nyingine ni kwamba wataalamu waliosoma maandishi yaliyotolewa siku ile waliona kosa: Papa alisema anaiacha huduma, ministerio, "aliyokabidhiwa", na neno hilo la mwisho likaandikwa commissum, wakati lilipaswa kuwa commisso ili lipatane na ministerio. Kwa masikio yetu ni kama mtu aseme "huduma kilichokabidhiwa kwangu". Maana inaeleweka, lakini mtoto wa shule angecheka. Wakati huo Foster alikuwa Milwaukee.

Alirudi huko mwaka 2009, baada ya kuugua vibaya Roma mwaka uliotangulia. Akaishi katika nyumba ya wazee, na katika chumba cha chini cha nyumba hiyo akafungua tena darasa, bure kama kawaida, kwa yeyote aliyefika. Huko pia kilikamilika kitabu ambacho wanafunzi wake walikuwa wakimsihi kwa miaka mingi akiandike, Ossa Latinitatis Sola, "Mifupa mitupu ya Kilatini", alichokitayarisha pamoja na mwanafunzi wake Daniel McCarthy na kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Marekani. Ni kitabu kinene, na asiyemjua mwandishi atakiona cha ajabu, kwa sababu kinaongea kama mwalimu aliyesimama ubaoni, kinakaripia, kinatania, kinarudia. Juzuu ya pili, inayopitia barua za Cicero, ilitoka 2021. Foster hakuwahi kuiona madukani: alifariki Milwaukee tarehe 25 Desemba 2020, akiwa na miaka 81, majuma machache baada ya kupatikana na Korona. Wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuanzisha vyama na taasisi za kufundisha Kilatini kwa kukisema, hasa Marekani, na karatasi za michezo ya nyumbani zinasomwa bure kwenye intaneti na mtu yeyote mwenye simu.

Wakati huohuo sheria imebaki palepale. Kanuni ya 249 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inataka waseminari wakijue Kilatini vizuri, kisha mwaka 2014 Papa Fransisko aliifanya sinodi ya maaskofu iendeshwe kwa Kiitaliano, kwa sababu ya wazi kwamba wajumbe wangeelewana zaidi. Sioni unafiki hapo. Naona Kanisa ambalo halijaamua kama linataka lugha hiyo iwe ya watu wote au ya mafundi wachache. Na mafundi hawazaliwi pasipo shule.

Mwalimu wa Latin-Philo mjini Bukavu hawezi kuubadilisha mtaala wa wizara, lakini anaweza kufungua kipindi kwa andiko ambalo nusu ya darasa tayari wanalijua kwa moyo. Kwaya zetu bado huimba Credo ya Kilatini siku za sikukuu, na waimbaji ambao hawajawahi kukaa katika darasa la Kilatini hutamka maumbo yote bila kukosea. Wanaimba Et in unum Dominum Iesum Christum, Filium Dei unigenitum, na kila neno linalomtaja Bwana linaishia kwa -um, kwa maana yeye ndiye anayesadikiwa, imani inamwelekea. Dei peke yake limekataa sare hiyo, kwa sababu linasema Mwana huyo ni wa nani. Mistari michache mbele wanafika crucifixus, kisha passus et sepultus est, na ile -um imegeuka -us. Bwana ni yuleyule, na muziki haujabadilika. Mwulize darasa ni nini kilichobadilika, uwape kalamu, na usiwatajie jina la umbo lolote hadi mmoja wao aseme kwamba hapa sasa ni yeye aliyesulubiwa, ndiye habari inamhusu, si sisi tunaomsadiki. Baada ya hapo jedwali la dominus linaweza kuandikwa ubaoni, na litachukua dakika kumi.